Maswali ya Wasomaji: Kitambi, Vyuma na Makopo ya Unga

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza namna ya kupunguza mafuta na kujaza misuli bila kufilisika. Tumechagua nane. Vipimo tulivyotoa ni vya mtu mzima mwenye afya. Mwenye kisukari, presha au ugonjwa wa figo, na mama mjamzito, waanze kwa daktari wao.

Habari zenu wahariri. Nina miaka 29, kilo 84, urefu sentimita 170, kazi yangu ni ya kukaa dukani na kitambi kimetangulia. Jamaa wa jimu wananiambia nikimbie kwanza miezi mitatu kitambi kiishe ndipo nishike vyuma, la sivyo mafuta yatageuka misuli migumu isiyotoka. Ni kweli?
*Msomaji, Temeke*

Si kweli, kaka. Mafuta hayageuki kuwa misuli, wala misuli haigeuki kuwa mafuta. Ukikimbia tu na kupunguza chakula utapungua, lakini sehemu ya kilo utakazopoteza itakuwa misuli, na mwisho utabaki mwembamba mwenye tumbo lilelile laini. Wewe una bahati ya mgeni wa vyuma: mwili ambao haujawahi kubeba uzito unaweza kujenga misuli huku ukichoma mafuta, mradi upate protini ya kutosha na chakula kipungue kidogo tu. Anza vyote kwa pamoja.

Kwa uzito wako, kazi ya kukaa na mazoezi mara tatu kwa wiki, mwili unatumia takriban kalori 2,500 kwa siku. Lenga 2,100. Upungufu huo utakutoa theluthi moja ya kilo kwa wiki, pengine hadi nusu kilo. Ukishuka chini zaidi ya hapo utakosa nguvu ya kuongeza vyuma, na njaa ya saa nne usiku itakurudisha kwenye chipsi. Protini ni gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, yaani kama gramu 130 kwa siku.

Kwa chakula cha kwetu inawezekana. Asubuhi kula mayai matatu ya kuchemsha na viazi vitamu gramu 200, na chai isiyo na sukari. Mchana ugali wa gramu 80 za unga (upime unga mkavu, ugali uliopikwa unabeba maji), maharage yaliyoiva gramu 200, kipande cha samaki au kuku asiye na ngozi gramu 150, na mchicha uliokaangwa kwa kijiko kimoja cha mafuta. Saa kumi jioni glasi kubwa ya mtindi na ndizi. Usiku dagaa wakavu gramu 50, ugali wa gramu 60 za unga, na mboga za majani, tena kwa kijiko kimoja cha mafuta. Ukijumlisha unapata karibu kalori 2,100 na protini kama gramu 130. Dagaa ndio mfalme wa orodha hii. Waliokauka vizuri, nusu ya uzito wao au zaidi ni protini. Ila waoshe mpaka maji yatoke bila mchanga, usije ukapima mchanga kwenye mizani.

Wengi hukwama kwenye mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120, na mpishi anayemimina kutoka kwenye dumu hajui amemwaga vijiko vingapi. Vijiko vitatu vya ziada kwenye mboga vinafuta karibu upungufu wote wa siku. Kingine ni chai: vikombe vinne vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja ni kalori 190 hivi ambazo hazishibishi. Sahani ya chipsi mayai hupita 800 bila shida.

Jipime kiuno kwenye usawa wa kitovu mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, tumbo ukiwa umeliachia. Mizani panda kila siku ukipenda, lakini linganisha wastani wa wiki na wastani wa wiki, kwa sababu chumvi na maji hupandisha kilo nzima usiku mmoja. Kiuno na wastani wa uzito visiposogea wiki tatu, toa gramu 40 za unga kwa siku. Usiguse protini. Na kukimbia si lazima. Nusu saa ya kutembea kwa haraka kila siku inatosha.

Hamjambo. Nataka kupunguza mapaja na mikono lakini sitaki kukaa kama mwanamume. Si ni heri nitumie vyuma vya kilo mbili na nirudie mara nyingi?
*Msomaji, Nakuru*

Dada, homoni ya testosteroni inayowajaza wanaume misuli, mwanamke anayo kwa kiwango cha chini mara kumi na zaidi. Wanawake wenye misuli mikubwa unaowaona kwenye mashindano wamefanya kazi hiyo miaka mingi, na baadhi yao wamesaidiwa na sindano. Kilo mbili hazitakufanya kitu. Dumu la maji unalobeba nyumbani lina kilo 20. Fuata ratiba ileile iliyo katika jibu linalofuata, ukianza na chuma chepesi zaidi. Mapaja yatapungua mafuta pamoja na mwili mzima, kwa utaratibu ambao mwili wenyewe unauchagua. Hakuna zoezi linalotoa mafuta mahali unapolifanyia.

Nimeanza jimu wiki mbili zilizopita. Nafuata ratiba ya bingwa mmoja wa mtandaoni, siku sita: Jumatatu kifua seti 20, Jumanne mgongo, Jumatano miguu na kuendelea. Kushuka ngazi za bweni ni mateso na vyuma haviongezeki. Nakosea wapi?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Ratiba hiyo ni ya mtu ambaye misuli yake imezoea miaka. Wewe unahitaji siku tatu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kila siku uguse mwili mzima. Siku ya kwanza: kuchuchumaa na chuma mabegani, kusukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi, kuvuta chuma hadi tumboni ukiwa umeinama. Siku ya pili: kunyanyua chuma kutoka sakafuni, kusukuma chuma juu ya kichwa ukiwa umesimama, kujivuta kwenye bomba (kama huwezi hata mara moja, tumia mashine ya kuvuta kwa juu, au panda kwenye kiti kisha ushuke polepole). Unabadilishana siku hizo mbili. Wiki hii ya kwanza inakuja mara mbili, wiki ijayo ya pili.

Kila zoezi ni seti tatu, yaani raundi tatu, za marudio sita hadi nane. Chagua uzito ambao ukimaliza seti unahisi ungeweza kurudia mara tatu zaidi. Kabla ya seti za kazi, pasha misuli kwa chuma kitupu mara kumi, halafu nusu ya uzito mara tano, halafu robo tatu mara tatu. Pumzika dakika mbili hadi tatu kati ya seti. Ukipumzika sekunde 30 tu ili utokwe jasho, unachosha mapafu kabla misuli haijafanya kazi.

Ukifikisha nane kwenye seti zote tatu, siku ijayo ya zoezi hilo ongeza kilo 2.5 kwa mikono na kilo 5 kwa miguu na mgongo. Jimu nyingi hazina sahani za kilo 1.25, kwa hiyo ongezeko dogo kabisa linakuwa kilo 5. Hapo panda marudio kwanza mpaka kumi, ndipo uongeze. Ukishindwa uzito uleule siku mbili mfululizo, shusha asilimia 10 na upande upya. Andika kila kitu kwenye daftari. Asiyeandika hukisia, na anayekisia hubeba uzito uleule mwaka mzima.

Ukiwa peke yako kwenye benchi, usifunge sahani kwa vibanio. Chuma kikikulalia kifuani utakiinamisha upande mmoja zimwagike. Na kidole gumba kizunguke chuma.

Maumivu ya misuli hufikia kilele siku ya pili au ya tatu kisha hupungua. Ni ya kawaida. Lakini ukiona mkojo umekuwa wa rangi ya kahawia iliyokolea kama soda nyeusi, na misuli imevimba na haina nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ni misuli iliyoharibika kupita kiasi, na mabaki yake yanaweza kuua figo. Huwapata hasa wageni waliojitutumua siku ya kwanza.

Tunafanyia mazoezi uani, vyuma tumetengenezewa na fundi. Nikinyanyua kutoka sakafuni mgongo wa chini unauma siku mbili, ingawa uzito ni kilo 50 tu. Kwa nini?
*Msomaji, Mwanza*

Angalia kwanza ukubwa wa sahani zenu. Sahani za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, hivyo chuma hukaa sentimita 22.5 kutoka ardhini, yaani katikati ya muundi. Vyuma vya fundi mara nyingi vina sahani ndogo, au za saruji zilizomiminwa kwenye makopo, na chuma kinalala chini karibu na kifundo. Kukifikia inabidi mgongo upinde, na mgongo uliopinda ndio unaobeba mzigo badala ya makalio na mapaja. Weka sahani juu ya matofali yaliyolazwa, au tairi kuukuu, mpaka chuma kifike sentimita 22 hivi. Hilo peke yake huondoa malalamiko mengi ya mgongo.

Kisha fuata mpangilio huu bila kuruka. Simama chuma kikiwa juu ya katikati ya mguu, miguu upana wa nyonga. Inama ukishike nje kidogo ya miguu, makalio yakiwa bado juu. Kunja magoti mpaka miundi iguse chuma, bila kukisogeza. Toa kifua mbele mpaka mgongo unyooke, vuta hewa tumboni na ukaze tumbo kana kwamba mtu anataka kukupiga ngumi. Sasa isukume ardhi kwa miguu. Chuma kipande kikikwaruza miundi na mapaja. Kikiwa mbele yako hata sentimita tano, mgongo unalipa. Juu simama wima tu, usijipinde kinyumenyume.

Mwambie mwenzako akupige video ya ubavuni. Kama makalio yanaruka juu kabla chuma hakijatoka, uzito ni mkubwa au ulianza umechuchumaa mno. Maumivu yakishuka mguuni, au ganzi ikiingia, acha zoezi na uonane na daktari.

Huku hakuna jimu kabisa. Naweza kujitengenezea vyuma vinavyojulikana uzito?
*Msomaji, Kigoma*

Unaweza. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20 na zaidi kidogo, na unapunguza kwa lita. Zege likishaganda lina kilo 2.3 hadi 2.4 kwa lita, kwa hiyo kopo la rangi la lita 4 linatoa kilo 9 na ushei. Nondo ya milimita 25 ina karibu kilo 4 kwa mita. Mita mbili ni kama kilo 8. Kabla ya kumimina zege, mwambie fundi achomelee vipande vifupi vya nondo kimsalaba kwenye kila ncha, la sivyo kopo litazunguka na siku moja litachomoka. Liweke kivulini, lilowanishe siku saba. Zege lililoachwa juani tangu siku ya kwanza hupasuka. Usitumie bomba jembamba la maji, hupinda ukifika kilo 40. Na hata hivyo, pima kila chuma kwenye mizani ya duka la nafaka, uandike uzito kwa rangi.

Salaam aleikum. Muuzaji amenipangia unga wa protini, 'gainer', BCAA, kreatini na vidonge vya kuyeyusha mafuta. Mshahara wangu hautoshi vyote. Ninunue kipi?
*Msomaji, Mombasa*

Waaleikum salaam. Kama ni kimoja, nunua kreatini monohaidreti, unga unaoongeza akiba ya nguvu ndani ya misuli, ile ya kawaida isiyo na majina marefu. Ndiyo iliyochunguzwa zaidi, na ni ya bei nafuu kwa siku. Kunywa gramu 3 hadi 5 kila siku, saa yoyote, na maji au chai. Haina haja ya kumeza gramu 20 kwa siku wiki ya kwanza. Itajaa yenyewe ndani ya wiki nne hivi. Uzito utapanda kilo moja au mbili mwanzoni. Hayo ni maji ndani ya misuli, usiyaite mafuta ukaacha. Ukienda kupimwa damu, mwambie daktari unaitumia, kwa sababu kipimo cha kreatinini, taka inayochujwa na figo, kinaweza kupanda na kuonyesha kama figo zina hitilafu. Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse bila ruhusa.

Unga wa protini, ule ulioandikwa 'whey', ni chakula tu. Ni maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini, yaliyokaushwa na kutolewa mafuta na sehemu kubwa ya sukari yake. Kipimo kimoja kina protini gramu 20 hadi 25, sawa na mayai manne au kipande cha samaki. Una faida kama kazi yako haikupi nafasi ya kula. Piga hesabu dukani: gawanya bei ya kopo kwa jumla ya gramu za protini zilizomo, kisha fanya hivyohivyo kwa mayai, omena na ndengu. Mara nyingi kopo linashindwa. Kama maziwa huwa yanakujaza gesi, tafuta ulioandikwa 'isolate', una laktosi (sukari ya maziwa) kidogo.

'Gainer', yaani unga wa kuongeza uzito, geuza kopo usome nyuma. Ukiona kipimo cha gramu 150 kina protini 25 na wanga 110, umenunua sukari na wanga kwa bei ya protini. BCAA, ambazo ni vipande vidogo vinavyounda protini, zimo tayari ndani ya mayai na nyama, acha. Vidonge vya kuyeyusha mafuta, vile vya halali, mara nyingi ni kafeini iliyopambwa, na kikombe cha kahawa nyeusi kabla ya mazoezi kinafanya kazi hiyo. Visivyo vya halali ndivyo vya kuogopwa. Baadhi vimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo. Kaa mbali na chochote chenye DNP, kemikali ya viwandani: imeua watu, na haina dozi salama.

Naombeni ushauri. Mdogo wangu ni mwembamba, kilo 55. Ameuziwa vidonge dukani, kimoja cheupe kidogo na kingine cha kuleta hamu ya kula. Mwezi mmoja uso umejaa na watu wanamsifu. Je, aendelee?
*Msomaji, Mbeya*

Hapana, na asiache ghafla pia. Mchanganyiko huo unaouzwa kichinichini mara nyingi huwa ni deksamethasoni pamoja na siproheptadini. Ya pili ni dawa ya mzio inayoleta usingizi na njaa. Ya kwanza ndiyo mbaya: ni steroidi ya kutibu uvimbe, na inakula misuli badala ya kuijenga. Uso unakuwa mviringo kwa maji na mafuta, tumbo linajaa, huku mikono na mapaja yakikonda. Sukari ya damu na presha hupanda, mifupa hudhoofu na vidonda huchelewa kupona. Baada ya wiki kadhaa, tezi zinazotengeneza homoni ya mwili inayofanana na dawa hiyo hulala, na mtu akikata dawa siku moja anaweza kuzimia au kufa. Mpeleke hospitali na pakiti ya vidonge mkononi. Daktari atampunguzia taratibu.

Baada ya hapo mpe chakula. Anahitaji kalori 300 hadi 400 juu ya anachokula sasa, vyuma mara tatu kwa wiki, na ongezeko la robo kilo kwa wiki. Uji huu utamtosha: maziwa nusu lita, unga wa ulezi gramu 50, vijiko viwili vya siagi ya karanga, na ndizi mbili zilizopondwa ndani baada ya kuipua. Ni kalori karibu 850 na protini kama gramu 30. Kama huwa anakula vizuri milo yake, nusu ya sufuria kwa siku inamfikisha. Ikiwa huwa anaruka kifungua kinywa, anywe yote.

Ramadhani inakaribia nami ndiyo kwanza nimeanza kuona mabadiliko. Nisimamishe vyuma mwezi mzima?
*Msomaji, Maskati*

Usisimamishe, punguza. Misuli hubaki kwa kazi ndogo kuliko ile iliyoijenga, mradi uzito kwenye chuma usishuke sana. Badala ya seti tatu fanya mbili, marudio ya chini, siku mbili au tatu kwa wiki. Wakati mzuri ni baada ya tarawehe, ukiwa umekula na kunywa. Anayefanya saa moja kabla ya futari afanye mepesi, mahali penye kipoza hewa, na aache mara tu kichwa kinapozunguka.

Fungua kwa tende tatu na maji, sali, kisha ule samaki, kuku au mayai kabla ya kugusa sambusa na kachori. Hizo za kukaanga, nne tu zinaweza kufika kalori 600, na zinajaza tumbo kabla protini haijapata nafasi. Daku iwe na mayai matatu, maharage na mtindi. Hushikilia njaa kuliko wali mtupu. Maji lita mbili na nusu hadi tatu yagawe kutoka futari hadi daku, usiyanywe yote dakika ya mwisho. Kreatini kunywa na futari. Kuchuchumaa na kunyanyua kutoka sakafuni kwa uzito mkubwa kuweke usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa kuwa huko Oman Ijumaa ni mapumziko na utaweza kulala baada ya alfajiri.